Mpaka Tuliopanda na Maji

Niliingia katika kazi ya mafuriko kwa sababu nilijua kuchanganya rangi. Hakuna sababu nyingine. Baba yangu alikuwa fundi wa vibao pale Magarama, mjini Gitega. Aliandika majina ya maduka, bei za soda, "Hapa tunanyoa", na mimi nilijaza rangi ndani ya herufi alizochora yeye kwa penseli. Shule niliishia ya msingi. Mwandiko wangu ulikuwa wa polepole na bado ni wa polepole. Karatasi hizi nilizianza mahindi yakiwa machanga, na sasa mke wangu anayachoma. Lakini mstari wangu ulinyooka. Siku moja mzee mwembamba mwenye kofia ya kitambaa alisimama dukani kwetu, akatazama neno CHUMVI nililokuwa nalimalizia, akamwuliza baba, "Huyu kijana anaweza kupaka mstari kwenye ukuta mbovu?"

Baba akasema, "Anaweza kupaka hata kwenye mbuzi, mradi mbuzi asimame."

Hivyo ndivyo nilivyompata Salvatori, mpimaji wa ardhi, mzaliwa wa Muyinga, bwana wangu wa kwanza kazini na wa mwisho pia, kwa sababu baada yake sikumwita tena mtu mwingine bwana, hata walipokuwa wakinilipa.

Nyinyi vijana mnaoifanya kazi hii sasa mna ramani ndani ya simu. Mnajua mvua imenyesha wapi kabla majani hayajakauka. Nawafurahia, sisemi kwa kijicho. Sisi tulikuwa na mti wa kupimia uliochorwa mistari, darubini ya nivo, ya kupimia usawa wa ardhi, iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, makopo yangu ya rangi, na gari la Bahati. Bahati alikuwa dereva, Mkongomani wa Uvira, mtu wa kanisani, mwenye maneno mengi kuliko mafuta ya gari lake. Kazi yetu ilikuwa kupita mabondeni, kutafuta mahali ambapo maji yaliwahi kufika, na kuweka alama, ili wakuu wa komine, zile wilaya zetu ndogo, wajue wapi wajenge zahanati, wapi wapitishe barabara, na wapi wawaweke watu waliokimbia makwao. Maana ilikuwa miaka ya vita, na watu waliokimbia makwao walikuwa wengi. Mtu aliyekoswa na risasi hafai kuja kuuawa na kijito kwa sababu sisi tulikosea kupima.

Jambo la kwanza alilonifundisha Salvatori ni namna ya kuuliza. Mkifika kwa mtu mkamwuliza, "Maji yalifika wapi?", hamtapata jibu la maji. Mtapata jibu la mnachodhaniwa kuleta. Kule Giheta, mzee mmoja alituona tukishuka na gari akafikiri tunagawa mabati. Akatuonyesha juu kabisa ya ukuta, chini ya nyasi za paa. "Yalifika hapa. Tulipanda juu ya nyumba kama paka."

Mkewe alikuwa nyuma yake akichambua maharage. Hakuinua kichwa. Akasema, "Mwulizeni basi kuku wetu alikuwa anaatamia mayai gani hapo chini kwenye kikapu. Ya samaki?"

Salvatori alicheka mpaka kofia ikaanguka. Kisha akaniambia maneno ambayo nimeyabeba maisha yangu yote ya kazi: "Rama, usiulize habari za maji. Uliza mbuzi alihamishiwa wapi. Uliza mafiga yalilowa au hayakulowa. Mtu anaweza kukudanganya juu ya mto, hawezi kukudanganya juu ya siku aliyokosa pa kupikia."

Na kweli, mama yeyote atakuonyesha mahali alipopika siku ile. Hapo ndipo pakavu palipoanzia. Ukipata akina mama watatu wa mlima mmoja, ukasimama katika majiko yao, mstari wa mafuriko unauona kwa macho, hata bila nivo.

Mengine mtayajua wenyewe. Nusa ukuta wa udongo. Uliowahi kulowekwa una harufu ya chungu kilichosahauliwa, hata miaka ikipita. Tazama matawi ya chini kama yameshika manyasi makavu. Angalia watu walipoacha kutengeneza matuta ya viazi, kwa sababu mkulima hapotezi mbegu mara mbili. Na mkitaka watu wawaambie mambo, nyamazeni. Mimi nilikuwa na haya nyingi ujanani. Bahati aliniita Kimya. "Huyu Kimya, hata akiungua atakohoa tu," alikuwa akisema. Lakini Salvatori aliona faida yake. Watu wa milimani hawapendi kimya kining'inie hewani mbele ya mgeni, wanakijaza. Nilisimama na brashi yangu, sijui nisalimie vipi, na wao wakaanza kunisimulia mto wao wote.

Sasa niwaambie habari ya mlima mmoja upande wa Muyinga. Jina lake silitaji, maana watu wake bado wapo pale na hawakuniomba niwaandike.

Chini ya mlima ule palikuwa na bonde la mafunjo, na katikati ya mafunjo kijito kidogo, cha kurukwa na mtoto. Kijito kile kilimwaga maji yake kwenye Ruvubu. Mgeni angekitazama akacheka. Salvatori hakucheka. Alinionyesha kwa vidole juu ya vumbi la kioo cha gari: "Ruvubu inapita kule Gitega tunakokaa, inakuja huku. Ikishiba, haka kadogo hakana pa kumwaga. Basi kanarudi nyuma. Maji ya hapa hayaji kutoka juu na kelele. Yanakuja kutoka chini, kimya, kama mtu anayerudi kuchukua kitu alichosahau."

Tulipima. Tuliwauliza akina mama mafiga yao. Nami nikapaka. Ilikuwa kawaida ya Salvatori tangu kabla ya vita: nyumba ambayo maji yanaweza kuifikia inapata mstari mwekundu ukutani, kwa kimo cha maji, nyumba iliyo salama haipati kitu. Nilipaka vizuri siku ile, mistari iliyonyooka kama ya daftari. Watu walikuwa wakitutazama kutoka mbali, hawasogei. Mimi nilidhani ni haya, kama yangu. Saa za mchana hazijaisha tukaondoka, kwa sababu barabara haikuwa ya kuaminiwa jioni na magari yalikwenda kwa msafara.

Kisha tukarudi Gitega kwa kazi nyingine. Mvua zikafika. Siku tunaondoka tena kwenda Muyinga, tulipita darajani tukaona Ruvubu imebadilika rangi, nyekundu-kahawia, imebeba migomba mizima na mizizi yake. Bahati akapunguza mwendo.

"Mzee, hii mto iko na hasira ya nani?"

"Ya kila mtu," akasema Salvatori. "Endesha. Inakwenda tunakokwenda, na haisimamishwi na kizuizi cha askari."

Tulipofika kwenye mlima ule asubuhi ya pili, hapakuwa na mtu. Majiko baridi. Milango imeegemezwa tu. Mbuzi wamefungwa, lakini hakuna anayewaambia kitu. Nimeona nyumba nyingi tupu katika miaka ile, na moyo hauzoei. Bahati akabaki kwenye gari, injini ikinguruma. Salvatori akatembea hadi ukingo wa bonde, akainama, akaniita. Mafunjo yalikuwa yamefunguliwa njia nyembamba nyembamba, zilizokanyagwa na miguu mingi. Njia nyingine upande wa kushoto, nyingine upande wa kulia, mbalimbali.

"Wanalala humu," akasema polepole. "Rama, wanalala ndani ya mto."

Akageuka akatazama nyumba, na mistari yangu myekundu juu yake. Nikamwona anaelewa. Alivua kofia, akaketi juu ya jiwe.

"Kabla ya vita nilipaka mabonde yote ya Gitega," akasema. "Watoto walinifuata wakiomba rangi iliyobaki kwenye kopo. Nimekuja hapa, katika miaka hii, nikaandika alama nyekundu kwenye nyumba za watu nikaenda zangu. Sikumweleza mtu."

Nyinyi mliozaliwa baadaye labda hamwezi kujua. Katika miaka ile, nyumba iliyowekwa alama ilikuwa nyumba ambayo mtu anakusudia kuirudia. Wenye alama walikuwa wamefikiri watakuja kuchomwa. Wasio na alama walikuwa wamefikiri majirani watadhani ni wao waliotoa majina. Basi wote walishuka kwenye mafunjo, mahali ambapo watu wa pale walijificha siku zote, wenye alama kushoto, wasio na alama kulia, wakiogopana gizani. Na Ruvubu ilikuwa njiani.

Mimi nilijua rangi, na rangi ya mafuta haiondoki kwa maji. Nikachukua kisu cha kukwangulia na kopo la mafuta ya taa, nikaenda kwenye nyumba ya kwanza iliyo karibu na mafunjo, nikaanza kukwangua mstari wangu. Udongo ulianguka vipande vipande. Nikaendelea.

Nyuma yangu sauti ya mwanamke ikasema kwa Kirundi, "We, hukutosheka kuipaka, sasa unaibomoa?"

Alikuwa mama mmoja mfupi, matope hadi magotini, kitenge kimelowa, na mikononi amebeba kigae cha makaa aliyokuwa ameyahifadhi kwenye majivu. Jina lake Yuliyana. Alikuwa mjane. Baadaye aliniambia kwamba angeweza kuvumilia kuuawa, lakini si kusikia mtu akimkwangulia ukuta aliousiriba kwa mikono yake.

Nikamwonyesha mstari. Nikasema, "Nauondoa, mama."

"Kwa kisu?" Akaweka makaa chini. "Mwana wanje, mwanangu we, nani alikulea? Ukuta hautolewi ngozi. Unapakwa juu yake." Akachota udongo wa mlangoni, akachanganya na samadi ya ng'ombe na maji ya dimbwi, akaanza kusiriba juu ya mstari wangu kwa kiganja. Nikamsaidia. Alinipiga kofi dogo mkononi kwa sababu nilikuwa naweka udongo mwingi mno.

Salvatori akaja, kofia mkononi, akamweleza yote: mistari ile ilikuwa ya nini, mto umefika kimo gani kule Gitega, maji yatarudije nyuma. Alimwomba msamaha bila kuzungusha. Yuliyana alisikiliza huku anasiriba.

"Mimi nakuamini," akasema mwishoni. "Siku maji yalipokuja zamani nilipikia pale kwenye mwamba. Uliniuliza, nikakuonyesha, ukasema asante. Mwuaji hamwulizi mtu mafiga yake. Wa upande wetu nitawatoa sasa hivi. Lakini wale wa kulia hawatatoka. Wako na mzee Barinabe, na Barinabe siku hizi haamini hata jogoo."

"Niende niwaite," akasema Salvatori. "Niwaambie watoke, maji yanakuja."

Yuliyana akamtazama kama anavyotazamwa mtoto. "Tokeni? Hilo ndilo neno la wale wanaongoja na mapanga. Ukiwaambia tokeni, watasogea ndani zaidi."

Alikuwa anasema kweli. Hapo Bahati alikuwa ameshuka kwenye gari. Akasema anaweza kupiga honi. Akaambiwa anyamaze. Mawingu upande wa Ruvubu yalikuwa yamelala chini, yenye rangi ya jivu bichi, na kule chini mwisho wa bonde tuliona maji yakimetameta mahali ambapo safari iliyopita palikuwa na nyasi.

Yuliyana akanawa mikono. "Barinabe ni mushingantahe," akasema. Hao, kama hamjui, ni wazee wa mlima wanaoamua kesi, na kesi nyingi za mlima ni za mashamba. "Tangu nizaliwe haujapandwa mpaka mmoja hapa bila yeye kuuona. Huyu mzee wenu amepima maji yanapoishia, si ndiyo? Basi maji ni jirani. Jirani huwekewa mpaka. Kateni miyenzi."

Salvatori alimtazama kidogo, kisha uso wake wote ukafunguka. Alikuwa mtoto wa mlimani naye, alijua.

Muyenzi ni ule mti wa vijiti vya kijani, wenye maziwa meupe yasiyofaa kuingia jichoni. Kijiti chake ukikichomeka ardhini kinashika. Kwetu ndio uzio, na ndio mpaka. Wakipanda mpaka kati ya mashamba, majirani wa pande zote mbili husimama hapo, mashahidi husimama hapo, na pombe hunywewa, ili kesho asitokee mtu wa kusema hakuwepo. Tukakata mzigo wa vijiti. Salvatori akasimamisha nivo, mimi nikashika mti wa kupimia, na tukaanza kuchomeka vijiti katika mstari ule ule wa mafiga, kutoka ukuta wa Yuliyana kwenda kulia, kuelekea mashamba ya Barinabe. Watu wa kushoto walikuwa wameshatoka, akina mama na watoto na wazee, wamesimama nyuma yetu wakitetemeka kwa baridi na kushika vijiti.

Tulipofika kwenye shamba la kwanza la Barinabe, Yuliyana akasimama akiyaelekea mafunjo. Hakupiga kelele. Alisema tu kwa sauti ya mtu anayemwambia jirani habari ya kawaida:

"Barinabe. Mpaka unapandwa kwenye maharage yako. Na wewe haupo."

Akachomeka kijiti kingine.

"Wanasema unaishia kwenye ule mgomba wa bibi yako. Mimi sijui. Mimi ni mwanamke tu, naona wanavyopanda."

Kisha mafunjo yakatikisika, akatoka mzee mrefu, shati limechanika, fimbo ya uzee mkononi, matope hadi kiunoni, na hasira ya mtu mwenye shamba.

"Mgomba wa bibi yangu uko juu," akasema. "Juu. Nani anapanda hapo? Nani kampa ruhusa?"

"Njoo uonyeshe basi," akasema Yuliyana.

"Naja kuonyesha. Mnataka kuniibia mchana."

Nyuma yake wakatoka wanawe, na wake za wanawe, na watoto wamebebwa, na watu wengine wa kulia ambao nao walikuwa na mashamba. Hakuna aliyetaka mpaka upandwe yeye hayupo. Walikuwa wamekaa kwenye maji siku nyingi kwa kuogopa kufa, na ilitosha kijiti kimoja kwenye maharage kuwatoa. Sisemi hili kwa kuwacheka. Niliwapenda siku ile kama nilivyowapenda watu wachache. Niliona kwamba mtu anayekuja kugombania shamba lake ni mtu ambaye bado anategemea kuvuna.

Ugomvi ulikuwa mkubwa, nao ulinipa faraja. Barinabe alibishana na Salvatori kijiti kwa kijiti. Alikubali hapa, alikataa pale. Alimwuliza mke wa mwanawe mkubwa alipikia wapi siku ya maji ya zamani, mke akamwonyesha, na akakuta nivo imesema kweli kumpita yeye. "Mashine yako imezaliwa hapa?" akamwuliza Salvatori, akasogeza kijiti kwa mikono yake mwenyewe. Wa kushoto na wa kulia walikuwa wamesimama mstari mmoja, kwa sababu mpaka ulipita kwenye mashamba ya wote, ya wenye alama na ya wasio na alama. Nikamwona kijana wa kushoto akimpa mkono binti wa kulia kuvuka mtaro, wote wawili wakitazama kando.

Ulipofika wakati wa kunywa, Salvatori akasikitika kwamba hakuna pombe, mpaka hautakamilika. Yuliyana akaingia kwenye mafunjo, akarudi na mtungi umefungwa kwa majani ya mgomba.

Barinabe akauliza, "Umekimbia kifo na pombe?"

"Ndizi zilikuwa zimeshaiva," akasema. "Ningefanyaje, nizirudishe mbichi?"

Hicho ndicho kicheko cha kwanza nilichokisikia kwenye mlima ule. Kilianza kwa akina mama. Wakaleta mirija, wakanywa kwa zamu, kushoto na kulia kwenye mtungi mmoja. Kwa ajili yangu, Mwislamu wa mjini, Yuliyana alikuwa ameniwekea kando maji ya ndizi yasiyochachuka, kwenye kibuyu kidogo. Sikumwambia, alijua mwenyewe. Bahati alisema dereva haruhusiwi kunywa, kisha akauliza kama kunusa ni dhambi. Fungu la jirani halikusahauliwa. Barinabe alichukua la maji, akashuka hadi kwenye mafunjo, akalimwaga, akasema, "Hapo ni kwako. Hapa ni kwetu. Umeona mashahidi."

Hatukuweza kurudi mjini. Barabara ilikatika mchana ule ule. Watu walilala kwenye nyumba za juu, wenye alama na wasio na alama wamebanana sakafuni.

Maji yakafika asubuhi, kama Salvatori alivyosema, bila sauti. Tulisimama wote juu ya mstari wa vijiti tukitazama. Mafunjo yalikuwa yakizama yakiwa yamesimama wima, kama watu waliokatazwa kusogea. Kisha mama mmoja akashika mkono wa mwenzake.

Mikeka ilikuwa inakuja. Ile mikeka waliyolalia kule chini, waliyoiacha kwa haraka ya ugomvi wa mpaka. Maji yaliyorudi nyuma yalikuwa yameiinua, ya kushoto na ya kulia, yakaichanganya, na sasa yalikuwa yanaipandisha bondeni polepole kutuelekea sisi. Kila mmoja aliutambua wake. Juu ya kila mkeka palikuwa na mahali pa mtu, na mtu alikuwa amesimama karibu nami, anapumua.

Mkeka wa Yuliyana ulifika wa kwanza. Ulipita juu ya vijiti kwenye kona ya ukuta wake, ukasogea kidogo tu, ukatulia kwenye mafiga yake.

Yuliyana akautazama. Akafuta macho kwa kitenge kilicholowa. Kisha akasema, "Barinabe. Jirani amevuka mpaka."

Barinabe akakohoa, akanyoosha shati lake lililochanika, akapiga fimbo chini mara moja kama anavyofungua kesi. "Nimeona. Amevuka. Lakini amerudisha mkeka." Akafikiri. "Tutamsogezea kidogo. Kona ile tu."

Maji yalipokwenda, tukang'oa vijiti vya kona ile tukavipanda juu kidogo, mashahidi wakiwepo. Yuliyana alijenga jiko lake upya mahali pa juu zaidi, na mimi nilimsaidia kusiriba, na safari hii hakunipiga kofi. Salvatori hakupaka tena rangi kwenye nyumba ya mtu mpaka alipostaafu. Makopo yangu yalikaukia kwenye gari, na Bahati akayatumia kupandia vitunguu. Nami nikapandishwa cheo, kutoka mpaka rangi kuwa mkataji wa vijiti, na mshahara haukubadilika.

Nilipita pale mwaka jana, nikienda kwenye harusi Muyinga. Miyenzi imekuwa mirefu kunipita, uzio mzima unaofuata bonde, na kwenye kona ya zamani ya Yuliyana umepinda kuelekea juu. Chini yake ni mafunjo na viazi vya kiangazi. Juu yake ni nyumba. Mtoto mmoja wa kike alikuwa anachunga mbuzi kando ya uzio. Nilitaka kupita kwenye mwanya nikatazame kijito, akanizuia kwa fimbo.

"Usipite, babu. Huko ni kwa mtu."

"Kwa nani?"

Akashangaa kwamba mzee mzima hajui. "Kwa jirani," akasema. "Leo hayupo."

Nikabaki upande wangu.